Vipande Vitatu vya Saruji

Uyole, Mbeya
10 Agosti 2025

Mwanangu Eveline,

Ugonile, umelalaje? Huku tumelala na kuamka salama. Baridi bado ipo, lakini leo nimemwagilia sukuma bila kuvaa koti, kwa hiyo nadhani imeanza kutuachia. Viazi vya msimu huu ni vidogo, vinafaa kuchemshwa na maganda yake tu. Jirani yetu Mama Lugano anakusalimu. Aliniambia, “Msalimie Mama Anyitike,” nami nikakumbuka ulivyoomba msibani, kwamba asikuite mtu jina hilo tena. Basi nasema tu anakusalimu wewe, Eveline.

Najua utashangaa kupokea barua katika zama hizi. Simu zangu hupokei. Ujumbe unajibu “sawa”. Dada yangu alipofariki akaniachia wewe, nilikufundisha kusoma kwenye meza hii hii kabla hujafikia umri wa shule, na toka wakati ule hujawahi kuanza kusoma kitu ukakiacha katikati. Nategemea tabia hiyo.

Sasa la nyumba. Sakafu ya sebule imepasuka kuanzia mlangoni hadi chini ya kabati la vyombo. Nilimwita Saulo, fundi wetu wa siku zote. Akapiga magoti, akagonga gonga kwa nyundo, akasema, “Mwalimu, hii sakafu imeshakufa, inasubiri kuzikwa tu.” Halafu akajishika mdomo. Nikamwambia endelea na kazi, fundi, neno halijamuua mtu.

Anasema kuna namna tatu za kuimalizia. Niru ya kijivu, kama ilivyo sasa, ile saruji tupu inayosuguliwa ikiwa mbichi mpaka ing'ae. Niru nyekundu, iliyochanganywa rangi. Au terazo, yenye vijiwe, inayosagwa kwa mashine. Picha ya simu inadanganya rangi, kwa hiyo nilimwambia anitengenezee vipande, akavimwaga kwenye mifuniko ya ndoo za rangi. Vitatu vyote nimevituma kwa basi pamoja na barua hii. Utavipokea hapo Ipogolo, uje na mtu wa kukusaidia kubeba.

Saulo anataka kufanya kazi zote kwa mkupuo mmoja kabla ya mvua. Sebule, na kaburi la Anyitike huku nyuma, upande wa migomba. Mwaka umepita na udongo umeshuka vya kutosha, sasa linaweza kujengewa. Kwa hiyo nichagulie ya sebule, na uchague ya mwanao.

Mama yako mdogo,
Alinanuswe


Ipogolo, Iringa
31 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Nimepokea barua na vipande. Kondakta alidhani ni jibini, akaviweka mbali na jua. Nashukuru kusikia mmeamka salama. Hapa kuna vumbi na upepo, na chuo kinafunguliwa baada ya mapumziko mafupi. Verediana, mwalimu mwenzangu ninayekaa naye, anakusalimu kwa Kihehe, kamwene. Alinikuta nimevipanga vipande dirishani karibu na kitanda changu, akasema, “Wewe Mnyakyusa, wenzako wanalala na waume, wewe unalala na zege?” Nilicheka. Nakuambia ili ujue kwamba nacheka.

Nimevitazama kwa muda mrefu kuliko vinavyostahili. Niru nyekundu ni nzuri asubuhi, lakini jua likishuka inakuwa nzito kama nyama. Terazo ina vijiwe vya njano nilivyovipenda, ila ukiitazama sana jicho halipati pa kukaa, linarukaruka. Niru ya kijivu haisemi kitu. Nikiilowesha inakuwa nyeusi, halafu inarudi taratibu kuanzia pembeni, na mahali pa mwisho kukauka ni katikati kabisa. Nimeilowesha mara nyingi kuliangalia jambo hilo moja.

Kwa sebule, chukua niru ya kijivu. Kabati la vyombo litapendeza juu yake, na marehemu mama ndiye aliyeianza nyumba kwa sakafu ya aina hiyo. Fundi asisahau kukata mistari ya kuigawanya, isije ikapasuka tena popote inapotaka.

Wasalimie wote. Usibebe maji mwenyewe.

Eveline


Uyole, Mbeya
14 Septemba 2025

Mwanangu Eveline,

Salamu nyingi. Kuku wametotoa. Kwaya ya akina mama imepata sare mpya, rangi ya zambarau, na Mama Lugano anasema katika sare hiyo nafanana na bilinganya lililostaafu. Nimemwambia yeye anafanana na lile ambalo halijaiva.

Sebule imekamilika. Nimelala kwa jirani ili isikanyagwe, na asubuhi nilikuwa nikiingia kupitia dirisha la jikoni kuimwagilia, mtu wa umri wangu. Saulo ameigawa kwa mistari kama ulivyosema. Inang'aa mpaka naona sketi yangu.

Lakini nilikuuliza maswali mawili, wewe umejibu moja. Darasani ningekupa nusu ya alama na kukuita mezani.

Wiki iliyopita alikuja Edmund. Amepanda lori la mchele kutoka Chimala, kakonda. Ameleta maboksi ya vigae vyeusi, na kimoja amekichapishia picha ya mtoto, ile ambayo amekaa kwenye beseni akicheka. Akasimama kule nyuma na kofia yake mkononi. Nikamkaribisha chai, akakataa. Akasema, “Mama, nataka pang'ae. Mtu akipita barabarani aone hapa kuna mtoto wa watu.” Saulo naye akamwambia, “Bosi, vigae huku kwenye mvua vinabanduka, labda uvishike kwa mkono.” Hawakupatana.

Maboksi nimeyaweka stoo. Sikumkatalia, maana ni baba yake, hata kama nyinyi wawili mmeachana na hamzungumzi. Lakini sikumkubalia pia. Aliyembeba tumboni hajasema.

Sema, mwanangu.

Alinanuswe


Ipogolo, Iringa
5 Oktoba 2025

Mama,

Shikamoo. Ni mzima. Mitihani ya nusu muhula imeanza, nasahihisha. Verediana amekwenda kwao kuandaa shamba, nyumba iko kimya.

Acheni udongo.

Usiweke vigae vya Edmund, usiweke niru, usiweke chochote. Nimejaribu kufikiri kama mtu mzima na nimeshindwa. Kila nikiona zege limemwagwa mahali, naona watu waliokwisha kuamua. Limemwagwa, limekauka, wananawa mikono wanakwenda kula. Mimi sijaamua kitu. Nikiwa darasani nafundisha, wanafunzi wanaandika, na mimi najiuliza uzito wa zege ni kiasi gani.

Alikuwa hapendi kufunikwa. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ulikaa naye toka niliporudi kazini. Blanketi alilipiga teke hata baridi ilipokuwa ya kuumiza meno. Niliamka namfunika, anafungua macho, ananitazama, analipiga teke. Sasa nimchagulie zege la rangi gani?

Udongo unatosha.

Eveline


Uyole, Mbeya
19 Oktoba 2025

Mwanangu Eveline,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Habari za huku ni njema. Vifaranga wawili wamechukuliwa na kipanga, waliobaki wana akili.

Kuna jambo sikukuambia. Msimu wa mvua uliopita, udongo ulishuka mara mbili. Siyo pembeni. Katikati. Maji yakatuama pale kama kwenye beseni. Mara ya kwanza nilikwenda na jembe nikajaza, nikapiga piga kwa mikono. Mara ya pili nilikuwa na homa, nikaona kuku wanafukua pale, nikatoka hivyo hivyo na khanga moja. Mama Lugano aliniona kupitia uani. Alirudi kwake, akaja na toroli la udongo mkavu.

Udongo hautoshi, Eveline. Iringa kwenu mvua inapita kama mgeni. Huku inahamia. Milima ya Uporoto imeshaanza kujifunika asubuhi, na Saulo anasema mwisho wa mwezi ujao ana kazi Makambako, akienda harudi mpaka mwakani.

Sitamwaga kitu bila neno lako. Nilikulea, najua ukifungiwa mlango unakaa nje mpaka giza kuliko kubisha. Lakini mvua haikulea mtu, haitanisubiri mimi wala wewe.

Na jingine. Barua zako mbili, jina lake hujaliandika hata mara moja. Kwenye ile ya kwanza mtoto mwenyewe hayumo kabisa.

Alinanuswe


Ipogolo, Iringa
9 Novemba 2025

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya. Sikuumwa.

Ijumaa ya wiki iliyopita nilipanda basi la kuja huko. Sikukuambia ili nisipate nafasi ya kukudanganya. Nilikuwa na kipande cha niru nyekundu kwenye begi, nilikuwa nimeamua nije nikiweke pale juu nione. Tulipofika Chimala wakaja akina mama wanaouza mchele madirishani, mmoja amebeba mtoto mgongoni, na mtoto yule alikuwa amevua soksi moja. Moja tu. Mguu mwingine ulikuwa nayo. Nikashuka. Basi likaondoka na mwavuli wangu. Nilikaa kwenye benchi la muuza chai mpaka likapita basi la kurudi Iringa. Muuza chai akaniuliza, “Dada, umepotea au umebadili mawazo?” Nikamwambia vyote viwili. Akanipa chai, akasema wa namna hiyo anawapata kila siku.

Nina hasira na wewe, na sijui ya nini. Afadhali niiandike. Wewe ulikuwa naye. Umenieleza ugonjwa, umenieleza hospitali, kifua, dawa, gari la kuazima. Umenieleza namna daktari alivyovua miwani. Hayo yote ninayo, nimeyasoma kichwani mpaka yamechakaa. Lakini wiki ya kabla hajaugua hujawahi kuisema. Nimekuuliza mara tatu, msibani na kwenye simu, na kila mara unasema, “Alikuwa mzima tu, akicheza.” Wewe si mtu wa kusema “mzima tu”. Wewe ni mtu wa kueleza kuku anavyokunywa maji.

Nilimwacha akitambaa. Hicho ndicho kitu changu cha mwisho, anatambaa kuelekea mlangoni na ninafunga begi. Nipe kingine. Ukinipa, nitachagua sakafu yoyote unayotaka.

Eveline


Uyole, Mbeya
16 Novemba 2025

Mwanangu Eveline,

Leo sina habari za kuku.

Alitembea.

Ilikuwa Jumanne, wiki ile unayoiuliza. Unakumbuka Jumamosi huwa napaka sebule nta, kwa hiyo niru ilikuwa inateleza kama sabuni. Alikuwa amevaa zile soksi za njano ulizomtuma kutoka Iringa, maana baridi ilikuwa imetukamata kweli kweli. Siku mbili nzima alijaribu kusimama sebuleni. Anashika kochi, anajivuta, anaachia, miguu inakwenda mbele, anakaa kitako. Halii. Anaitazama sakafu kama mtu aliyemtukana. Anaanza tena. Nilikuwa nasuka ukili pale, nikamwambia, “Bibi, pumzika, hata mimi sakafu hiyo inanishinda.” Hakunisikiliza. Wewe ulikuwa hivyo hivyo.

Jumanne jua lilitoka kidogo. Nikafungua mlango wa mbele. Akaacha kochi lake, akatambaa hadi barazani. Na baraza letu unalijua. Saulo hakulipiga niru, kwa sababu mvua ya upepo inalilowesha na watu wangeanguka. Saruji ilipoanza kushika alilipitishia ufagio mgumu, likabaki na mistari mistari, la kukwaruza. Tulipokuwa tunabishania rangi yake, wewe ulisema ni baya, linafanana na zizi.

Akashika ndoo ya maji. Akasimama. Akaitazama miguu yake. Haikwenda popote, ilishika. Akaipigisha chini kidogo, mmoja, halafu mwingine, kama anayejaribu viatu dukani. Kisha akaachia ndoo, Eveline, na akaja. Sikuhesabu hatua, sikuwa na akili ya kuhesabu. Mama Lugano alikuwa anaanika nguo kwake, akapiga kelele, “Mwalimu! Mjukuu wako anatembea kama mlevi wa sikukuu!” Mtoto akageuka kumtazama, akacheka, akaanguka kwenye sketi yangu.

Siku ile mpaka jioni hakukubali kuingia ndani. Nikimwingiza sebuleni, anatambaa kurudi barazani. Pale ndipo alipokuwa mtu wa kutembea.

Nilichukua simu nikupigie. Nikaishika, nikairudisha. Ulikuwa unakuja likizo Jumamosi ya pili yake. Nikajiambia, mama yake asisikie kwa simu, afike getini amwone anamjia. Nikamkataza Mama Lugano asiseme, nikamtishia. Mtoto nikamfundisha nikisema “mama yuko wapi”, atembee kuelekea getini. Alijua. Ijumaa kikaanza kikohozi.

Baada ya pale ningekuambiaje? Ulifika ukamkuta amelala hospitali. Kila nilipotaka kukueleza hatua zile, niliona kama ninakutolea kitu mfukoni mwako na kukuonyesha, halafu nakirudisha mfukoni mwangu. Nikanyamaza. Kunyamaza kukawa na umri wake.

Soksi zipo kabatini, zimefuliwa, ila upande wa nyayo umeota vinyweleo kwa sababu ya baraza. Sikuvitoa.

Saulo anaondoka Jumatatu ya tarehe ishirini na nne. Usichague ninachotaka mimi. Mimi sitaki kuchagua chochote.

Alinanuswe


Ipogolo, Iringa
19 Novemba 2025

Mama,

Shikamoo.

Barua yako imefika jana mchana. Nilikuwa na kipindi, nikaisomea koridoni, na sikurudi darasani. Verediana amerudi kutoka kwao, amekaa mlangoni kwangu toka jana kama mlinzi, anapika uji na kuumwaga. Asubuhi aliniuliza, “Kimetokea nini huko kwenu?” Nikamwambia, “Mwanangu ametembea.” Akasema, “Hongera.” Ni mtu wa kwanza kuniambia neno hilo, na sijui kama ilikuwa sahihi kulipokea, lakini nimelipokea.

Bado nina hasira na wewe. Itakaa kidogo. Nimemwona akija getini, mara nyingi sana toka jana, na kila mara mimi sipo. Lakini kabla ya barua yako alikuwa anatambaa kwenda kwenye mlango nilioufunga. Sasa hatambai. Siwezi kukueleza tofauti yake, na wewe huhitaji kuelezwa.

Anyitike. Nimeliandika. Anyitike, Anyitike.

Mwambie Saulo asiondoke kabla ya Jumatatu, na asimwage kitu kabla sijafika. Ninapanda basi Ijumaa. Nimemwomba Verediana tusafiri wote, na ameapa kwamba tukifika Chimala atanikalia.

Usipige niru, ya kijivu wala nyekundu. Ile terazo niliyoipenda nayo iache. Kigae cha Edmund chenye picha kiwekwe upande wa kichwa, kimoja hicho, kishikwe na saruji pande zote kisibanduke, na yeye aitwe awepo. Vingine avirudishe. Juu pote iwe kama baraza. Saruji ikianza kushika, ipitishiwe ufagio, na ufagio nitaushika mimi. Saulo atanionyesha. Kumwagilia nitamwagilia mimi pia, asubuhi na jioni, na magunia mabichi nitayafunika na kuyafunua mwenyewe mpaka saruji ikomae, kwa hiyo nitandikie kitanda cha kukaa zaidi ya wiki.

Jambo moja nimelifikiria, nawe umuulize fundi kama niko sawa. Mistari ya ufagio isiende na urefu wa kaburi. Ikatishe, kutoka upande hadi upande, ndivyo mguu unavyopata pa kushika. Na isiwe ya juu juu. Mwambie mtoto huyu anavaa soksi.

Mimi,
Mama Anyitike